Mikono Isiyo ya Subilaga

Zamu ya asubuhi ilipoanza, Nakunda Mmbaga alikuwa amechoka tayari. Si kwa kukosa usingizi, maana alikuwa amelala saa saba kamili ndani ya mfuko wake uliofungwa ukutani. Alichoka mikono. Kwa miezi minane mikono yake ilikuwa ikifanya kazi za watu wengine, na kila walipoirudisha alihisi imechakaa kidogo kuliko walivyoichukua.

Alikuwa mwanagenzi wa Kituo cha Mlinga. Kila mwaka alichaguliwa mhitimu mmoja kutoka vyuo vya Afrika Mashariki, akapandishwa huko juu kwa mwaka mzima kuwasaidia wanafunzi kufanya majaribio yao angani. Wanafunzi wenyewe hawakupanda. Kituo kilikuwa na nafasi ya watu watano, na hakuna aliyefikiria kumpeleka mwanafunzi wa mwaka wa nne hadi kwenye mzingo wa dunia kwa ajili ya jaribio la dakika arobaini. Lakini kanuni ya Umoja wa Vyuo ilitaka kila mwanafunzi alifanye jaribio lake kwa mikono yake mwenyewe, ndipo apate alama za vitendo, na bila alama hizo hapakuwa na shahada. Mikono ya mashine ilijaribiwa, ikavunja vitu. Ndipo zikabuniwa soksi.

Kwenye vitabu zilikuwa na jina refu. Waliozivaa waliziita soksi, kwa kuwa zilivutwa mkononi mpaka begani kama soksi za mchezaji wa mpira. Ndani ya kila moja zilipita nyuzi mia nne nyembamba. Mwanafunzi aliyeketi maabara huko chini alivaa glavu. Alipokunja kidole, nyuzi za soksi zilipitisha umeme mdogo kwenye misuli ya Nakunda, na nusu sekunde baadaye kidole cha Nakunda kikakunjwa vilevile. Alichokigusa Nakunda kilirudi chini kwa njia hiyohiyo, na mwanafunzi akahisi ubaridi wa chuma au ulaini wa jani. Wajibu wa Nakunda ulikuwa kulegea. Asisukume, asisaidie, asizuie. Chini ya mguu wake wa kulia palikuwa na kanyagio. Akiona hatari au udanganyifu, alilikanyaga kukata mawasiliano, na jaribio lilihesabiwa limekufa. Tangu aje alikuwa amelikanyaga mara moja tu, mwanafunzi alipozimia.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Subilaga Mwalukasa, wa Chuo cha Sayansi cha Itebe. Subilaga alitaka kujua kama mche wa parachichi uliobebeshwa, yaani uliokatwa ukapachikwa kikonyo cha mti mwingine, unaweza kuunga pasipo uzito. Vyombo vya safari za angani za miaka minne na mitano vilihitaji miti ya matunda, na hakuna aliyejua kidonda cha mti kinaponaje mahali ambapo utomvu haujui juu ni wapi na chini ni wapi. Alikuwa amefanya mazoezi na Nakunda mara nane, na Nakunda aliijua mikono yake kama mtu anavyoujua mwandiko wa ndugu yake. Ilikuwa mikono yenye woga. Ilishika kisu kwa nguvu mno, ikasita kabla ya kukata, kisha ikakata mara mbili palipohitaji mara moja. Katika mazoezi ya mwisho, mwezi mmoja nyuma, ilikuwa imedondosha kisu mara tatu, na kwa kuwa huko vitu havianguki, kisu kilielea mpaka Mhandisi Wafukho akakidaka.

Mhandisi Wafukho, mkuu wa zamu, alikuwa Mbukusu wa makamo asiyependa maneno mengi. Alimfunga Nakunda mikanda ya miguu mbele ya meza, akawasha upepo wa kunyonya vipande vya majani visizagae, akamvalisha soksi mpaka begani na kuuliza kama iko sawa. Nakunda alisema iko sawa. Haikuwa sawa sana. Kwa wiki mbili sasa kidole chake kidogo cha kushoto kilikuwa kama cha mtu mwingine hata pasipo soksi.

"Tayari," ilisema sauti ya Subilaga masikioni mwake.

Mikono ikaingia.

Kwa sekunde chache Nakunda hakuelewa kilichobadilika. Kisha mkono wake wa kulia uliokota kisu, ukakigeuza kwa kidole gumba kukipima makali, ukakata mche wa kwanza kwa pigo moja refu la mshazari. Haukusita hata kidogo. Baada ya hapo mkono ulishuka ukafuta kisu pajani, pande zote mbili, ukaacha mistari miwili ya utomvu kwenye ovaroli yake.

Hakuna maabara inayomfundisha mwanafunzi kufuta kisu pajani.

Mkono ulichonga kikonyo, ukakipachika kwenye mkato, ukaminya. Mkono wa kushoto ulichukua utepe wa nailoni, ukazungusha mara mbili, halafu ukauinua utepe kuelekea kwenye uso wa Nakunda na kusimama hapo, mbele ya midomo yake, ukingoja. Nakunda aliutazama. Mwenye mikono hiyo alizoea kushika utepe kwa meno huku vidole vikikaza fundo. Alikuwa amesahau kwamba mdomo haukuwa wake.

Mguu wake wa kulia ulikuwa juu ya kanyagio. Alijua tayari. Hakulikanyaga. Alifungua mdomo akaushika utepe kwa meno, mkono ukavuta, fundo likakaza.

Alifanya hivyo mara kumi na mbili. Mche wa mwisho ulipofungwa, saa ilionyesha dakika ishirini na sita. Katika mazoezi Subilaga alikuwa hajawahi kumaliza miche saba ndani ya dakika thelathini na nane.

"Nimemaliza," ilisema sauti ileile ya Subilaga, ikiwa imekauka kidogo. "Asante, dada."

Mhandisi Wafukho alimvua soksi. Akaitazama miche iliyosimama kwenye trei yake, akasema mtoto yule amekuwa fundi. Nakunda alikuwa anapapasa kidole chake kidogo, na sasa kile cha pembeni yake nacho hakikuhisi kitu.

*

Baada ya kila jaribio mwanagenzi alijaza fomu. Ilikuwa na vipengele kumi na vinane, na cha mwisho kilisema: Nathibitisha kwamba mikono niliyoibeba ni ya mwanafunzi aliyesajiliwa. Kilitakiwa kujazwa kabla ya zamu kwisha. Nakunda alijaza vipengele kumi na saba, akaiacha fomu ikielea kwenye skrini, akaomba mawasiliano ya dakika ishirini na mwanafunzi, kwa ajili ya tathmini. Hilo liliruhusiwa.

Subilaga alitokea kwenye picha akiwa peke yake katika chumba cha maabara. Alikuwa na uso mwembamba na kitambaa cha kijani kichwani, na mikono yake hakuiweka mezani. Nakunda alimuuliza habari za jaribio, naye akajibu kwamba lilikwenda vizuri. Akamuuliza alijifunza wapi kushika utepe kwa meno. Subilaga akainua mikono yake akaiweka mbele ya kamera.

Hakukuwa na kidonda wala uvimbe. Vidole viwili vya mwisho vya kila mkono vilikuwa vimejikunja kidogo, kama vya mtu aliyelala.

Akaeleza bila kulia. Chuo chake kilikuwa na jozi moja ya glavu kwa wanafunzi kumi na tisa, kwa hiyo kila mmoja alipopata zamu alizivaa saa sita mfululizo. Ili mtu ahisi vizuri alichogusa, ilibidi kupandisha umeme wa kurudi, na kila aliyetaka alama nzuri alipandisha. Ganzi ilianza kidole kidogo cha kushoto. Mwezi uliofuata ikahamia cha pili, halafu mkono wa pili. Sasa hakuweza kufunga vifungo vya blauzi, na vikombe vilimponyoka. Kama angesema, angeondolewa kwenye orodha kwa sababu ya afya, na nafasi ya Mlinga haitolewi mara mbili. Baba yake, Ambonisye, alikuwa na kitalu cha parachichi huko Rungwe na amebebesha miche kwa miaka thelathini. Alikuja Itebe kwa basi. Siku mbili tu alivaa glavu kwa mazoezi, wenzake Subilaga wakalinda mlango.

Nakunda alimuuliza wangapi wengine wana ganzi. Subilaga alisema anawajua wawili darasani mwake. Mmoja alikuwa ameacha chuo, na watu wa kwao walisema amerogwa.

"Dada," alisema kisha, "sikuombi uandike uongo. Nakuomba ungoje siku ishirini. Siku ishirini zinatosha kuona kama miche imeunga. Matokeo yakishatoka, sema lolote."

Nakunda alisema atafikiri. Mawasiliano yalipokatika alifungua ratiba. Ndani ya siku ishirini hizo kulikuwa na wanafunzi kumi na wanne waliokuwa wakingoja zamu zao pale mezani. Na huko chini, katika vyuo saba, wanafunzi zaidi ya mia tatu walikuwa wakipokezana glavu za mazoezi kila siku, saa sita kila mmoja, umeme ukiwa umepandishwa.

*

Mhandisi Wafukho alikuwa akibadilisha vichujio vya hewa. Nakunda alimshikia taa, akamweleza habari za ganzi tu, yake na ya mwanafunzi mmoja ambaye hakumtaja. Alitarajia atashtuka. Mhandisi aliendelea kukaza skrubu.

Alisema anaijua ganzi hiyo. Mwanagenzi wa mwaka juzi aliipata, na wa mwaka jana pia. Mara mbili alikuwa ameandika kwenye taarifa ya afya ya kituo, na mara mbili alipata barua fupi kwamba baridi ya chumba cha majaribio husababisha ganzi ya muda na wahusika wavae nguo nzito. Alikuwa na barua zote mbili, akamwonyesha. Zilifanana neno kwa neno isipokuwa tarehe. Taarifa za afya, alisema, ziliingia kwenye kapu lililosomwa mwisho wa mwaka na watu waliotaka mwaka uishe.

Nakunda akamuuliza ni taarifa gani inayosomwa mapema.

Mhandisi alifikiri. "Udanganyifu," alisema. "Ukiandika kwamba mikono haikuwa ya mwanafunzi, kila kitu kinasimama siku hiyohiyo. Majaribio yote, vyuo vyote, mpaka wachunguze mtu aliingiaje na kwa nini. Hilo wameliweka wenyewe, kwa kuogopa jina lao kuharibika."

Kisha akageuka akamtazama, na Nakunda aliona kwamba amekwisha kuelewa. Huenda aliiona ile mistari miwili ya utomvu. Hakuuliza. Alisema tu kwamba yeye angekuwa na umri wa Nakunda angetia sahihi, amalize miezi minne iliyobaki, na arudi nyumbani na cheti chake. Na kwamba asimwulize angefanya nini kwa umri alio nao sasa, kwa sababu alikwisha kuandika mara mbili na akanyamaza mara ya tatu, alipomwona yeye akipapasa kidole.

Nakunda alirudi kwenye kona yake. Alitoa sindano kwenye sanduku la dawa akajichoma kidole kidogo cha kushoto. Hakuhisi. Akachoma zaidi, tone la damu likatoka na kusimama juu ya ngozi, duara kamili, bila kuchirizika. Alilitazama tone lile na akajisikia amechoka kuliko siku yoyote tangu aje. Kama aliyedanganya angekuwa mtu mbaya, ingekuwa rahisi. Kengele pekee aliyokuwa nayo ya kuwaamsha watu wa chini ilikuwa ni yule msichana. Ilibidi ampige ndipo isikike.

Akajaribu kuhesabu njia nyingine. Angeweza kuandika kwenye magazeti, lakini mawasiliano ya kituo yalipita kwenye mikono ya walewale wa Umoja wa Vyuo. Angeweza kungoja siku ishirini kama alivyoombwa, halafu aseme. Hilo lilimvuta sana. Alilizungusha kichwani kwa saa nzima, na kila mara aliishia kwenye orodha ya wale kumi na wanne. Wa kwanza alikuwa na zamu keshokutwa. Aliwahi kufanya naye mazoezi, kijana mchekeshaji aliyependa kumpungia Nakunda kwa mkono wa Nakunda mwenyewe kabla ya kuaga.

*

Hakutaka Subilaga aisikie habari kwa watu wengine. Aliomba mawasiliano tena, ikiwa imebaki nusu saa kabla ya zamu kwisha. Alimweleza aliyoambiwa na Mhandisi, akamwonyesha kidole chake na alama ya sindano. Akamwambia kwamba ataandika kila kitu: ganzi, glavu, saa sita, umeme uliopandishwa, na kwamba yeye mwenyewe alijua tangu mche wa kwanza na hakukata. Lakini kipengele cha kumi na nane kitakuwa juu, kwa sababu ndicho kitakachosomwa.

Subilaga alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu.

"Na miche yangu?"

Nakunda alimwambia ukweli. Jaribio lililofutwa, vitu vyake huteketezwa.

Subilaga aliondoka mbele ya kamera. Palibaki kiti na ukuta. Baada ya muda mwanaume mwenye koti kubwa na kofia ya sufu aliketi kwenye kiti kile, akasogea karibu mno na kamera, akarudi nyuma. Nakunda hakuwahi kumwona, ingawa asubuhi ile alikuwa amekaa naye mikononi.

"Shikamoo, baba," alisema.

"Marahaba, mwanangu." Mzee Ambonisye alivua kofia, akaishika. "Mimi ndiye niliyekata. Mtoto alikuwa amekaa pembeni anasema tayari, nimemaliza. Andika jina langu, usiandike lake."

Nakunda alimweleza kwamba majina yote mawili yatahitajika. Mzee aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa mvua haitanyesha wiki hii. Akauliza kama ni kweli glavu zile ndizo zilizoua mikono ya binti yake. Nakunda alisema anaamini hivyo, ila yeye si daktari. Mzee akauliza kama zipo kwa watoto wengine. Zipo, alisema Nakunda.

Mzee akasema yeye alizivaa siku mbili tu, lakini jana kijiko kilimponyoka kwenye chai, akadhani ni uzee. Aliaga vizuri, akamshukuru kwa kumshikia utepe.

Nakunda aliandika kurasa nne. Kwenye kipengele cha kumi na nane aliweka alama ya Hapana. Mashine ikamuuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika. Ndani ya dakika kumi ratiba yote ya majaribio iligeuka kijivu, kutoka juu mpaka chini, na jina la yule kijana mchekeshaji likawa kijivu pia.

*

Kamati ilikaa siku tisa. Nakunda alihojiwa mara tano kwa picha. Mara ya tatu walimwonyesha mkanda wa video wake mwenyewe, akifungua mdomo na kushika utepe, na wakamuuliza kwa nini. Alisema hajui. Mjumbe mmoja, mama mwenye sauti ya upole, alimkumbusha kwamba kanyagio lilikuwa chini ya mguu wake. Nakunda alikiri. Akasema mikono ile ilikuwa inafanya kazi nzuri na yeye alikuwa amechoka kubeba kazi mbaya, na hilo halikumsaidia.

Kwa siku hizo hakukuwa na soksi. Alimwagilia miche ya Subilaga kwa sindano, matone sita kila mmoja, kwa sababu hakuna aliyemkataza. Siku ya saba aliona kovu jeupe, nene, likizunguka mkato wa mche wa kwanza. Siku ya tisa macho ya vikonyo, yale yanayochipua, yalianza kuvimba. Alipima kila mche kwa rula ndogo ya chuma, urefu na unene wa kovu, akaandika kwenye daftari lake la binafsi, kwa kuwa fomu za jaribio zilikwisha fungwa. Kumi na moja iliunga. Mmoja, wa tano kutoka kushoto, ulikuwa umenyauka.

Siku ya kumi amri ilifika. Jaribio limefutwa. Mhandisi Wafukho alijitolea kulifanya yeye, Nakunda akakataa. Aliiweka miche kumi na miwili ndani ya tanuri, akafunga mlango, akabonyeza. Tanuri lilikuwa na kidirisha kidogo. Hakutazama.

Mambo yaliyofuata yalikwenda polepole na bila yeye. Madaktari waliwapima wanafunzi mia tatu na kumi na wawili katika vyuo saba, wakakuta ganzi kwa hamsini na watatu. Tisa kati yao mishipa ya fahamu ilikuwa imekufa, haingerudi. Glavu zilikusanywa kwenye masanduku. Umoja wa Vyuo ulitoa tangazo refu lisilokuwa na neno samahani. Nakunda alishushwa mwezi uliofuata pamoja na shehena ya takataka na sampuli, bila cheti, kwa kosa la kutokata mawasiliano alipogundua. Vidole vyake vilipona. Subilaga aliondolewa chuoni kwa udanganyifu, na rufaa yake ikakataliwa. Kanuni, walisema, haiangalii sababu.

*

Nakunda alikwenda Rungwe msimu wa baridi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya vilima na mvua nyembamba ilinyesha bila kuamua kukatika. Kitalu cha Mzee Ambonisye kilikuwa chini ya wavu mweusi, safu kwa safu za viriba, vile vifuko vya plastiki vya kukuzia miche. Wasichana wanne walikuwa wakibebesha kwenye benchi. Mzee alimpokea kama mgeni aliyetazamiwa, akamletea kigoda na chai ya maziwa, akamuuliza habari za safari, za wazazi wake huko Upare, za kazi. Nakunda alisema sasa anafundisha hesabu katika shule ya sekondari na anazoea.

Subilaga alikuwa upande wa pili wa kitalu akihesabu viriba. Alibeba trei kwa kuikumbatia kwa viganja na kifua, vidole vikiwa vimekaa nje. Alikuja baada ya kumaliza safu yake, si kabla. Walisalimiana. Nakunda alikuwa ameandaa maneno njiani, mengi, na yote yalimtoroka. Akatoa daftari.

Alieleza kwamba aliipima miche siku ya tisa, kabla ya tanuri. Vipimo vyote vimo, wa kwanza mpaka wa kumi na mbili. Havina muhuri, hakuna jarida litakalovikubali, lakini ni vya kweli. Kumi na moja iliunga.

"Kumi na moja?" aliuliza Mzee Ambonisye. Huku kwake, alisema, akipata kumi katika kumi na mbili anashukuru Mungu.

Subilaga alifungua daftari kwa ukingo wa kiganja. Alisoma ukurasa wa kwanza, akageuza, akasoma wa pili. Wasichana kwenye benchi walikuwa wamepunguza sauti. Alisoma muda mrefu kuliko ulivyohitajika kwa namba zile chache, kisha akalibana daftari kwapani.

"Ulifanya sawa," alisema. "Nimelifikiria sana, na ulifanya sawa. Yule mwenzangu aliyesemwa amerogwa, sasa wanajua hakurogwa." Alitazama chini kwenye matope. "Lakini usije tena, dada. Nikikuona nakumbuka siku ile yote."

Nakunda alimwambia Subilaga kwamba amesikia. Alimaliza chai yake kwa kuwa kuiacha kungekuwa utovu wa adabu, akasimama, akamshukuru mzee, akaaga. Mzee alitaka kumsindikiza mpaka barabarani. Akakataa kwa upole, akasema njia anaijua.

Alipokuwa anapita kwenye lango la mianzi, alimsikia Subilaga nyuma yake akimuuliza baba yake ule wa tano kutoka kushoto ulikufa kwa nini, kama ni mkato au ni utepe, na baba yake akivuta kigoda na kuanza kueleza.